Mfupa na Mahali Pake: Visukuku vya Nchi Jirani na Wajibu wa Raia



Tunapozungumzia nchi jirani, aghalabu huanza na mipaka, bendera na majina ya viongozi. Leo nakualika urudi nyuma zaidi, hadi wakati ambapo hapakuwa na mpaka wala bendera, wala hata mtu wa kuvitaja. Tutasoma habari za visukuku, yaani mabaki na alama za viumbe wa kale zilizohifadhiwa ardhini hata zikawa mawe, vilivyopatikana Tanzania, Kenya na Zambia. Nitakueleza namna wataalamu wanavyovisoma, kisha tutajiuliza swali la kiraia: ni nani mwenye haki na wajibu wa kuvitunza?

Hoja yangu ni moja, nami naiweka mbele yako mapema ili uipime kadiri unavyosoma. Kisukuku hakisemi kikiwa peke yake. Kinahitaji kumbukumbu mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu ya ardhi: kililala katika tabaka gani, juu ya nini na chini ya nini. Ya pili ni kumbukumbu ya watu: nani alikiona, nani alikichimba, kilipelekwa wapi na kwa makubaliano gani. Kumbukumbu mojawapo ikipotea, mfupa hubaki, lakini historia yake hupungua.

Kisukuku hutokeaje?

Fikiria swala aliyekufa mbugani. Fisi na tai humla nyama, mchwa na jua humalizia mifupa, na baada ya miaka michache hakuna anayejua kwamba hapo palikuwa na swala. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa viumbe karibu wote waliopata kuishi duniani. Ili mfupa uwe kisukuku, sharti ufunikwe upesi, kwa tope la ziwa, mchanga wa mto au jivu la volkano. Ukishafunikwa, maji ya ardhini hupenya katika vitundu vyake vidogo yakiwa yamebeba madini. Polepole madini hayo hujaza nafasi zilizokuwa tupu na kuchukua mahali pa sehemu za mfupa wenyewe. Umbo hubaki, lakini uzito na ugumu huwa ni wa jiwe. Si mifupa tu inayohifadhiwa hivyo. Majani, mbegu, mayai na hata nyayo huweza kubaki kwa mamilioni ya miaka.

Sasa utaelewa kwa nini Afrika Mashariki imejaliwa visukuku vingi. Katika Bonde la Ufa ardhi imekuwa ikipasuka na kudidimia kwa muda mrefu sana. Mabonde yaliyodidimia yalijaa maziwa, na maziwa yakatandika tope mwaka hadi mwaka. Volkano za jirani zilimwaga majivu juu ya tope hilo. Baadaye mito ilikata makorongo katikati ya matabaka hayo na kuyaacha wazi. Kwa hiyo asili ilifanya kazi tatu mahali pamoja: ilizika, ikaweka tarehe, kisha ikafukua.

Oldupai: namna ya kusoma matabaka

Korongo la Olduvai liko kaskazini mwa Tanzania, ndani ya eneo la hifadhi la Ngorongoro. Jina lake linatokana na neno la Kimaasai *oldupai*, yaani mkonge mwitu unaoota kwa wingi huko. Wageni wa Ulaya walilisikia vibaya na kuliandika Olduvai, nalo likaenea hivyo vitabuni. Leo Watanzania wengi wanalirudishia jina lake la Oldupai.

Kanuni ya kwanza ya kusoma korongo ni rahisi: tabaka la chini ni la zamani kuliko la juu, kama vile gazeti lililo chini ya rundo ni la siku za nyuma zaidi. Lakini kanuni hii huhitaji uangalifu. Mwaka 1913 mtaalamu wa Kijerumani, Hans Reck, alikuta mifupa ya mtu katika tabaka lenye wanyama waliokwisha kutoweka duniani. Akasema kwamba mtu huyo aliishi pamoja na wanyama hao. Ubishi ukaendelea kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1930 uchunguzi wa udongo uliozunguka mifupa ulionyesha kwamba mtu huyo alizikwa: watu wa zama za baadaye sana walichimba kaburi, nalo likashuka hadi tabaka la kale. Tazama basi, msomaji. Mifupa ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni maelezo ya namna ilivyofika pale. Asingekuwapo mtu wa kuuchunguza ule udongo, kosa lingedumu.

Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey alikuwa akitembea peke yake korongoni, kwa kuwa mumewe, Louis, alikuwa mgonjwa kambini. Akaona kipande cha mfupa kimechomoza ardhini, na karibu nacho meno makubwa. Lilikuwa fuvu la kiumbe aliyetembea kwa miguu miwili, mwenye magego mapana kuliko ya mtu yeyote wa leo. Louis alimpa jina la *Zinjanthropus boisei*. Wewe unayejifunza Kiswahili utavutiwa na jina hili. Zinj, au Zanj, ndilo jina ambalo wanajiografia Waarabu wa kale waliwaitia watu wa pwani yetu, na ndilo tunalolisikia hadi leo ndani ya jina la Zanzibar. *Anthropus* latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mtu. *Boisei* ni kumbukumbu ya Charles Boise, aliyetoa fedha za utafiti. Baadaye wataalamu walimweka kiumbe huyu katika kundi la *Paranthropus*, lakini watu wengi bado humwita Zinj.

Zinj aliishi lini? Louis Leakey alikadiria miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 jibu la kushangaza lilitolewa na Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, ambao hawakupima fuvu lenyewe bali majivu ya volkano ya mahali lilipolala. Ndani ya majivu hayo mna aina ya potasiamu ambayo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni, kwa mwendo usioharakishwa na joto wala kucheleweshwa na baridi. Volkano inapolipuka, moto huifukuza gesi yote, na saa huanza upya. Kadiri miaka inavyopita ndivyo gesi inavyozidi kujikusanya ndani ya chembe za madini. Ukiipima gesi na potasiamu iliyobaki, utajua saa hiyo imetembea kwa muda gani. Jibu lilikuwa miaka 1,750,000, karibu mara tatu ya makadirio ya kwanza. Angalia kwamba saa hiyo haikuwa ndani ya mfupa, bali katika mahali pake.

Nawe usidhani kwamba mambo yaliishia hapo. Mwanzoni Louis alifikiri kwamba Zinj ndiye aliyetengeneza zana za mawe zilizopatikana karibu naye. Kuanzia mwaka 1960 ilipatikana katika korongo hilo hilo mifupa ya kiumbe mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi, na mwaka 1964 kiumbe huyo akapewa jina la *Homo habilis*, yaani mtu stadi. Yeye ndiye aliyefikiriwa kuwa mtengenezaji wa zana. Kuhusu magego ya Zinj, watu walidhani kwamba yalikuwa ya kuvunjia kokwa ngumu. Vipimo vya kemia ya meno ya aina hiyo, vilivyotangazwa mwaka 2011, vilionyesha kwamba chakula chao kikuu kilikuwa nyasi na mimea ya jamii ya ndago.

Hapa nataka nisahihishe usemi tunaousikia sana madarasani, kwamba mageuko ya viumbe ni ngazi, na kwamba sokwe alipanda ngazi hiyo hadi akawa mtu. Visukuku havisemi hivyo. Vinaonyesha mti wenye matawi mengi, ambamo matawi kadhaa yaliishi kwa wakati mmoja na mengi yakakauka. Zinj hakuwa babu yetu. Alikuwa kama binamu wa ukoo, na tawi lake lilikoma. Sokwe wa leo naye si babu yetu, bali ni ndugu ambaye tumechangia naye babu wa mbali.

Kusini kidogo ya Oldupai kuna Laetoli, mahali ambapo fundisho la tabaka na mahali liko wazi kuliko popote. Miaka ipatayo milioni 3.66 iliyopita, viumbe waliotembea wima walipita juu ya jivu bichi la volkano na kuacha nyayo zao. Nyayo hizo zilifukuliwa na kikosi cha Mary Leakey mwaka 1978. Huwezi kuutia wayo mfukoni ukaenda nao Ulaya; wayo na mahali pake ni kitu kimoja. Kwa sababu hiyo uamuzi ulikuwa kuzifukia tena ili mvua na mizizi ya miti isiziharibu. Mwaka 2016 nyayo nyingine za hapo zilitangazwa na kikosi kilichowajumuisha wataalamu wa Kitanzania, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki. Ziligunduliwa wakati ardhi ikikaguliwa kwa ajili ya mpango wa kujenga makumbusho.

Kenya: mwenye macho haambiwi tazama

Tuvuke sasa mpaka kuelekea kaskazini, tukamwangalie mtu ambaye yeye mwenyewe aliuvuka mara nyingi. Kamoya Kimeu, Mkenya kutoka Ukambani, alianza kazi ya kuchimba na akina Leakey huko Olduvai mwaka 1960. Hakuwa amesoma chuo kikuu. Alijifunza kwa kutazama, na macho yake yakawa mashuhuri duniani kote katika elimu hii.

Mwaka 1964, huko Peninj karibu na Ziwa Natron upande wa Tanzania, Kimeu aliona taya la chini la kiumbe wa aina ya Zinj. Kumbuka kwamba fuvu la Olduvai lilipatikana bila taya la chini. Mkenya huyu, akifanya kazi katika ardhi ya jirani, ndiye aliyewapa wataalamu taya la chini la kwanza la aina hiyo lililohifadhika vizuri.

Ugunduzi wake uliotukuka zaidi ni wa Agosti 1984, magharibi mwa Ziwa Turkana. Wenzake walikuwa wakipumzika kambini karibu na mto mkavu wa Nariokotome. Yeye akaenda kutembea, akaona kipande cheusi cha mfupa wa kichwa, kidogo kama kiberiti, katikati ya mawe meusi. Kikosi kilipochimba kwa misimu kadhaa, kilipata karibu mifupa yote ya mwili wa kijana aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Huyo ndiye anayeitwa Mvulana wa Turkana. Urefu wake ulikaribia mita 1.6, ingawa meno na mifupa yake yaonyesha kwamba hakuwa amekomaa. Makadirio ya umri wake huwa kati ya miaka 8 na 12. Miguu yake mirefu ilitufunza kwamba umbo la mwili linalofaa kwa mwendo wa mbali katika nchi ya jua kali ni la kale sana.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Kimeu alitunukiwa nishani na Shirika la Kijiografia la Marekani mwaka 1985, na aina mbili za visukuku zina jina lake. Alifariki mwaka 2022. Lakini jiulize, msomaji: ni wangapi waliochimba, wakapepeta mchanga juani kwa miezi na miaka, ambao majina yao hayamo kitabuni?

Zambia: fuvu lililopoteza nyumba yake

Swali hilo linatupeleka kusini, hadi mji wa Kabwe nchini Zambia. Mwaka 1921 nchi hiyo ilikuwa chini ya ukoloni wa Waingereza na mji huo uliitwa Broken Hill. Wachimbaji wa risasi na zinki walikuwa wakikata kilima chenye pango lililojaa mifupa ya wanyama. Mchimbaji Mswisi aitwaye Tom Zwiglaar alikuta fuvu la mtu wa kale, zima karibu lote, lenye paji la uso lililochomoza juu ya macho na meno yaliyooza. Pamoja naye alikuwapo mfanyakazi Mwafrika. Jina la Zwiglaar limehifadhiwa. La mwenzake halikuandikwa.

Fuvu lilipelekwa London mwaka ule ule, nalo likapewa jina la kisayansi la *Homo rhodesiensis*, kutokana na jina la kikoloni la nchi. Na pango je? Uchimbaji uliendelea. Kilima kikaliwa na mgodi, pango likatoweka, na mifupa mingine mingi iliyokuwamo ikaenda kwenye tanuri pamoja na madini. Hivyo wataalamu walipotaka kujua umri wa fuvu, hawakuwa na tabaka la kurejea. Kwa miongo mingi makadirio yalitofautiana kwa malaki ya miaka. Ni mwaka 2020 tu ambapo vipimo vilivyofanywa juu ya fuvu lenyewe vilitoa jibu la miaka 299,000 hivi.

Hili ndilo fumbo la Kabwe: fuvu ni miongoni mwa mazuri kuliko yote barani Afrika, lakini lilikaa karibu miaka mia bila umri wa kuaminika kwa sababu mahali pake pameharibiwa. Zaidi ya hayo, lenyewe limebaki London. Zambia imeomba lirudishwe tangu miaka ya 1970, na imelifikisha jambo hilo mbele ya kamati ya UNESCO inayoshughulikia urejeshaji wa mali za utamaduni.

Tendaguru: mjusi wa Lindi mjini Berlin

Kisa cha nne ni cha zamani zaidi kwa umri wa mifupa. Tendaguru ni kilima kilicho umbali wa kilomita 60 hivi kutoka mji wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Mifupa yake ni ya dinosaria walioishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Watanzania huwaita mijusi, ingawa hawakuwa mijusi kwa maana ya kisayansi. Usidhani kwamba binadamu aliwahi kuonana nao: walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, muda mrefu kabla Zinj hajazaliwa.

Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alitoa taarifa juu ya mifupa mikubwa ya Tendaguru. Kuanzia 1909 hadi 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, ulioongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, ulichimba hapo. Zingatia tarehe hizo. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907, na kusini kote kulikuwa na makaburi mapya na njaa. Watu walioshika majembe Tendaguru walikuwa ni wale wale walionusurika vita hivyo. Walifika mamia, wengine pamoja na wake na watoto wao. Walichimba, wakasafisha, wakafungasha, kisha wakaibeba mizigo kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilisafirishwa hivyo.

Mjusi mkubwa kuliko wote, anayeitwa leo *Giraffatitan brancai*, alisimamishwa katika makumbusho ya Berlin mwaka 1937. Kimo chake ni zaidi ya mita 13, na ni miongoni mwa mifupa ya dinosaria mirefu kuliko yote iliyosimamishwa duniani. *Brancai* ni kwa heshima ya mkurugenzi wa makumbusho. Janensch naye alipewa jina la mjusi wake. Ilibidi kungoja hadi mwaka 2007 ndipo mjusi mmoja wa Tendaguru aitwe *Australodocus bohetii*, kwa kumkumbuka Boheti bin Amrani, msimamizi Mwafrika wa wachimbaji na fundi hodari wa kutayarisha mifupa. Karibu miaka mia ilipita kabla ya jina lake kuingia katika orodha ya sayansi.

Suala la mjusi huyo limeulizwa bungeni Tanzania mara kadhaa. Wapo wanaotaka arudishwe. Wapo wanaosema kwamba ni mzito, ni dhaifu, na gharama ya kumsafirisha na kumjengea jumba ni kubwa, hivyo afadhali Tanzania ipewe mafunzo, ushirikiano na sehemu ya faida. Nakuomba uzisikilize pande zote mbili kabla ya kuchagua, maana raia mwema hupima hoja kwa mizani moja.

Yaliyorudi nyumbani

Ili upime vizuri, yafaa ujue kwamba yapo mafuvu yaliyorudi. Fuvu la Zinj lilikaa Nairobi kwa miaka michache ya mwanzo, kwa kuwa ndiko akina Leakey walikofanyia kazi. Mwaka 1965 lilikabidhiwa kwa Tanzania, iliyokuwa imejipatia uhuru, na likawekwa chini ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Kisa cha Kenya kinafundisha zaidi. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, fuvu la sokwe wa kale aliyeishi miaka ipatayo milioni 18 iliyopita, akijulikana kwa jina la *Proconsul*. Fuvu lilipelekwa London kuchunguzwa, nalo likakaa huko zaidi ya miaka 30. Kenya ilipolidai, ubishi ukazuka kama lilikuwa zawadi au azima. Maandishi ya zamani yalipopatikana yalionyesha kwamba liliazimwa tu, na mwaka 1982 likarudi Nairobi. Waweza kuona, basi, kwamba karatasi iliyotunzwa vizuri ina nguvu kama tabaka la jivu. Baadaye aina hiyo ya sokwe ilipewa jina la *heseloni*, kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyechimba na akina Leakey kwa miongo mingi.

Kwa maoni yangu, visa hivi viwili vinajibu hoja inayosema kwamba nchi zetu haziwezi kutunza visukuku. Nairobi na Dar es Salaam zimefanya hivyo kwa zaidi ya nusu karne, na watafiti wa mataifa yote huja kusomea huko. Hata hivyo, kurudisha mfupa pekee hakutoshi. Fuvu la Kabwe likirudi kesho, pango lake halitarudi. Mjusi akirudi Lindi, majina ya mamia ya wachimbaji hayatajiandika yenyewe. Pamoja na kudai mifupa, tudai pia madaftari ya uchimbaji, picha, barua na orodha za wafanyakazi, ili mjukuu wa mpagazi wa Tendaguru aweze kusoma habari za babu yake kwa lugha anayoielewa. Nchi yenye mfupa bila kumbukumbu zake ina jiwe zuri tu katika kabati.

Wajibu wako

Huenda ukasema: mimi si mtaalamu, nitafanya nini? Utafiti wa visukuku umetegemea tangu mwanzo macho ya wachungaji, wakulima na wapita njia. Iwapo siku moja utaona kipande cha mfupa kilichogeuka jiwe katika ukingo wa mto au shimo la mchanga, usikiokote. Kukiokota ni kukitenga na tabaka lake, nawe umekwisha kuona lililompata fuvu la Kabwe. Kipige picha kikiwa pale pale, andika jina la mahali na tarehe, weka alama unayoweza kuitambua, kisha utoe taarifa kwa uongozi wa kijiji au mtaa, kwa mwalimu wako, au kwa makumbusho ya taifa. Usikiuze wala usikubali kukinunua. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Zote zinalinda mali za namna hii. Na utakapotoa taarifa, hakikisha jina lako limeandikwa, pamoja na la mwenzako aliyekuwa nawe.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza kwa maneno yako kwa nini umri wa Zinj ulipatikana kwa kupima majivu na si kwa kupima fuvu.

2. Linganisha mifupa aliyoikuta Hans Reck na fuvu la Kabwe. Katika visa hivyo viwili, udongo uliozunguka mifupa ulikuwa na umuhimu gani?

3. Je, mjusi wa Tendaguru arudishwe Tanzania? Toa hoja mbili za kuunga mkono na mbili za kupinga, kisha useme msimamo wako.

4. Waulize wazee wa kwenu kama kuna mahali panapojulikana kwa mifupa au mawe ya ajabu. Andika walivyopaita na walivyopaeleza, na utaje jina la kila aliyekusimulia, akiridhia.